Kijiti Kimekataa Sumaku

BIBI: Haloo! Nani mwenzangu? Sema kwa nguvu, miwani sijavaa.

MJUKUU: Ni mimi, Bibi. Shikamoo.

BIBI: Marahaba. Mimi nani? Hapa hunipigia "mimi" watatu kwa siku, na wote wanajifanya wajukuu zangu.

MJUKUU: Mjukuu wako wa kweli, Bibi. Mshonaji.

BIBI: Ahaa, mke mwenzangu! Mbona unanong'ona kama mwizi wa kuku? Mume wetu yupo hapo anakuchungulia?

MJUKUU: Mume wetu yuko kazini kwake anachomelea mageti. Mimi niko dukani kwa Mama, ndani ya kile chumba cha kujaribia nguo. Nimevuta pazia.

BIBI: Unajaribu nini?

MJUKUU: Sijaribu kitu. Bibi... kimepotea.

BIBI: Nini kimepotea? Usinipe habari kwa kijiko.

MJUKUU: Kijiti.

BIBI: Kijiti gani? Cha meno?

MJUKUU: Cha uzazi wa mpango, Bibi! Kile ulichonielekeza zahanati, nikawekewa mkononi Ijumaa. Leo Jumanne napapasa, sikioni. Nimepapasa asubuhi, nimepapasa nikipiga pasi, nimepapasa mpaka mteja ameniuliza kama nina upele.

(kigoda kinaburuzwa)

MJUKUU: Bibi? Upo?

BIBI: Nipo. Navuta kigoda. Habari ya namna hii haisikilizwi wima. Haya, anza mwanzo. Umekitafutaje?

MJUKUU: Kwa vidole kwanza. Kisha... usicheke.

BIBI: Sijacheka bado.

MJUKUU: Nimechukua ile sumaku yetu ya kuokotea pini. Nimeipitisha mkononi kutoka kwapani mpaka kwenye kiwiko, mara tatu. Haijashika kitu.

(sauti ya kukohoa)

MJUKUU: Bibi, nasikia unacheka.

BIBI: Nakohoa. Mama yangu mzazi! Sumaku! Mwanangu wee, kijiti si pini. Ni kitu kama plastiki, laini, kirefu kama njiti ya kiberiti kasoro kidogo. Ungepitisha sumaku mpaka mwakani, ungeokota jasho tu.

MJUKUU: Plastiki?

BIBI: Plastiki. Mimi nimefagia chumba kile cha zahanati miaka ishirini na saba. Madaktari wamebadilika saba, ufagio ni mimi yule yule. Ninachojua, nimekijua nikiwa nimeinama.

MJUKUU: Basi Mkasi kanidanganya. Kasema sumaku isiposhika, maana yake kimeshaondoka, kiko njiani kuelekea moyoni. Kasema Ijumaa kitakuwa kimefika.

BIBI: Kimekata tiketi? Na huyo Mkasi ndiye nani, daktari wa nane?

MJUKUU: Ni mshonaji mwenzetu, anakaa cherehani ya dirishani. Tunamwita Mkasi kwa sababu—

BIBI: Kwa sababu ya mdomo. Nimeelewa.

MJUKUU: Ndiye pekee niliyemwambia. Bibi, nisikilize, sina muda. Mama ameenda kupeleka sare za shule, anarudi saa saba na nusu. Mkasi amesema kabla hajarudi atanitolea. Wembe ameshauchovya kwenye maji ya moto. Yule anafumua mshono wa suti bila kugusa kitambaa, nimemwona kwa macho yangu. Nilitaka tu kukuuliza, damu ikitoka nifunge juu ya jeraha au chini?

(mtandao unakwaruza)

MJUKUU: Bibi? Umesikia?

BIBI: Nimesikia. Saa ngapi sasa hapo?

MJUKUU: Saa sita na dakika hamsini.

BIBI: Tuna wakati. Kabla sijakwambia juu au chini, lazima nijue mkono wenyewe ukoje. Una rangi gani?

MJUKUU: Biringanya. Na pembeni umeanza kuwa wa kijani, kama kitambaa kilichochuja.

BIBI: Hiyo ni damu imevilia chini ya ngozi. Wengi inawatokea, itapauka yenyewe kwa wiki moja au mbili. Umevimba?

MJUKUU: Nimeupima kwa futi. Ijumaa jioni inchi kumi na moja, Jumamosi kumi na moja na nusu, jana kumi na moja na robo.

BIBI: Umeupima mkono kama unaushonea shati!

MJUKUU: Nimeandika kwenye daftari la vipimo, ukurasa wa mteja wa uongo.

BIBI: Yaani wewe... Haya. Una joto? Unatoa usaha? Homa?

MJUKUU: Hapana. Kidonda chenyewe kidogo tu, kama nimechomwa na mwiba.

BIBI: Afadhali. Na bandeji waliyokufunga?

MJUKUU: Niliivua.

BIBI: Lini?

MJUKUU: ...Kwenye ngazi za zahanati.

BIBI: Kwenye ngazi! Hata barabara hujafika! Yule nesi hakukwambia ikae mpaka kesho yake, na ile ndogo ya chini siku tatu hata tano?

MJUKUU: Aliniambia. Lakini Bibi, nilikuwa nimemuaga Mama naenda kununua vifungo. Nani anatoka kununua vifungo akarudi na bandeji? Na nilipofika tu, akasema, "Njoo tuhamishe cherehani." Ile nzito ya miguu. Ningesemaje?

BIBI: Ungesema mkono unauma.

MJUKUU: Angeuliza umeumiaje.

BIBI: Kwa hiyo ukabeba.

MJUKUU: Nikabeba. Tangu dirishani mpaka ukutani, kisha akasema ilikuwa nzuri kule kule, tukairudisha.

BIBI: Huyo ni mwanangu kabisa, sina haja ya kuuliza. Sasa niambie, siku ile nesi alipomaliza, alikupa kidole chako ukakigusa kijiti? Hiyo ndiyo desturi yao. Haondoki mtu hajakigusa, nesi naye akakigusa.

MJUKUU: Alitaka. Lakini Bibi, ilikuwa hivi. Nimelala pale, mkono juu ya kichwa, sindano ya ganzi imeshaingia, anaanza kusukuma, mara nasikia sauti ukumbini: "Mwanangu, yule mshonaji kapitia huku?" Nikajua ni yule mteja wetu mnene wa gauni la zambarau, rafiki yake Mama! Nikashtuka, nikauvuta mkono.

BIBI: Na chombo kikiwa ndani?

MJUKUU: Kikiwa ndani. Nesi alipiga kelele, "Tulia dada!" Akamaliza, akanifunga. Akasema nisubiri atunze vyombo aje tukipapase wote wawili. Mimi nikatokea mlango wa nyuma.

BIBI: Wa stoo ya ndoo?

MJUKUU: Wa stoo ya ndoo.

BIBI: Mlango wangu! Miaka ishirini na saba nimeutumia, hakuna mgonjwa aliyewahi kutorokea hapo. Na huyo wa zambarau alikuwa anamtafuta nani?

MJUKUU: Hata hakuwa yeye. Nilichungulia, nikaona ni mama mwingine kabisa, anatafuta mshonaji wa kutia viraka shuka za wodi.

BIBI: Sasa hapo ndipo kisa kilipo. Kijiti hakijaenda moyoni. Kukuta kimesafiri mbali namna hiyo ni nadra sana, mimi katika kufagia kwangu sijakutana nacho. Lakini kinatakiwa kilale hapa juu, chini tu ya ngozi. Ukimvutia mkono mwekaji, kinaweza kuzama, kikaingia kwenye nyama. Ndiyo maana hukioni.

MJUKUU: Si ndiyo hayo! Mkasi akate kidogo tu, akifuate.

BIBI: Akifuate kwa taa ipi? Ngoja nikupe kisa kimoja.

MJUKUU: Bibi, sina muda wa kisa, ni saa saba kamili—

BIBI: Kifupi. Alikuja mwanamke mmoja pale zahanati, siku ya mvua, viatu vyake vya plastiki vya njano, kimoja kimekatika ukanda akaufunga kwa uzi wa samaki. Namkumbuka kwa sababu nilikuwa nimetoka kupiga deki, naye akakanyaga pale pale palipolowa. Nikamwambia, dada, pitia pembeni. Hakuweza kupitia pembeni kwa sababu alikuwa ameshikwa upande huu na wifi yake, upande huu na jirani yake. Huyo jirani, mrefu, ana shanga—

MJUKUU: Bibi!

BIBI: Huyo jirani ndiye aliyemkata. Kisa hicho hicho: kijiti hakipapasiki, jirani ana mkono mwepesi. Alimkata mara ya kwanza, hakuna kitu. Akakata pembeni, hakuna kitu. Akakata ya tatu, wakakutana na damu ambayo haikutaka kukatika. Nilibadilisha maji ya ndoo mara nne, mke mwenza. Nne. Nikazihesabu kwa sababu bomba lilikuwa mbali.

MJUKUU: Na kijiti?

BIBI: Walimpeleka mjini kwenye mashine ya kupiga picha ndani ya mwili. Kijiti kilikuwa kimelala kimya, upana wa kidole tu kutoka walipokuwa wanachimba. Kikatolewa na daktari mwenye kazi yake, dakika chache. Lakini vile vidonda vitatu viliota usaha, akawa anakuja kuoshwa mwezi mzima. Kijiti hakikumdhuru kitu. Wembe ndio uliomdhuru.

MJUKUU: ...Mkasi ana mkono mwepesi kweli, Bibi. Ametoboa masikio ya mtaa mzima.

BIBI: Sikio lina mbele na nyuma, ukitoboa unatokea upande wa pili, basi. Mkono una ndani. Mle ndani mishipa ya damu na mishipa ya fahamu imelala pamoja kama nyuzi kwenye boksi lako. Atafumua upi? Ngoja. Vidole vyako vikoje? Usinidanganye.

MJUKUU: Viko sawa.

BIBI: Vyote vitano?

(kimya)

BIBI: Nimeuliza vyote vitano.

MJUKUU: Kile kidogo... na cha pili yake, kwa mbali. Vinafanya kama vimekaliwa. Kama mguu ukifa ganzi. Tangu Jumamosi. Nimemwambia Mama nimejichoma na pasi.

BIBI: Jana ulidondosha kitu?

MJUKUU: Pini. Mara mbili. Na bobini ya uzi.

BIBI: Wewe unakula kwa vidole hivyo.

MJUKUU: Najua, Bibi.

BIBI: Mshonaji asiyesikia pini ni nani?

MJUKUU: Najua! Kwa nini unadhani niko humu nyuma ya pazia nalia na simu? Ndiyo maana nataka kitoke!

(mtandao unakwaruza)

BIBI: Usilie, utalowesha simu. Sikia. Sisemi ni jambo baya. Huenda ni uvimbe tu unaubana mshipa, ukipungua na ganzi inaondoka. Huenda kijiti kimelala karibu na mshipa. Mimi sijui, wewe hujui, na Mkasi ndiye asiyejua kuliko wote. Anayejua ni mwenye ile mashine. Leo hii unarudi kwa nesi, unamwambia mambo mawili tu: kijiti hakipapasiki, na vidole viwili vina ganzi. Akisema acha nikitafute kwa kuchimba, unakataa, unamwambia picha kwanza.

MJUKUU: Nitapitaje? Nitamwambia Mama naenda kununua vifungo tena?

BIBI: Hapana. Vifungo vimetosha. Na jambo lingine: mpaka kionekane, usikitegemee. Mume wetu atumie mipira.

MJUKUU: Bibi jamani!

BIBI: Jamani nini? Kwani mlilala mbalimbali tangu Ijumaa?

MJUKUU: ...Mtandao mbaya hapa, Bibi.

BIBI: Uko mzuri sana, nasikia mpaka unavyoona haya. Na yeye anajua kuhusu mkono?

MJUKUU: Anajua. Tuliamua pamoja. Alipouona mkono ule, alikaa chini akaomba maji. Mwanamume anashika moto kutwa nzima!

BIBI: Mume wangu moyo wake mwepesi, ndiyo maana nampenda. Basi kama yeye anajua, mama yako anafichwa kwa nini?

MJUKUU: Bibi, unamjua. Mtoto wetu hata miezi minane hajatimiza na yeye kila Jumatatu ananiwekea kofia moja ndogo juu ya cherehani, ya mjukuu wa pili. Hasemi neno. Anaiweka tu, anapita. Zimefika sita.

BIBI: Na daktari aliyekupasua tumbo alisemaje?

MJUKUU: Miaka miwili kabla ya mimba nyingine. Mshono upone.

BIBI: Yeye mshonaji, haelewi habari ya mshono kupona?

MJUKUU: Sijamwambia. Niliona haya. Alizaa sisi sita bila kupasuliwa, akitoka kujifungua anasuka mkeka.

BIBI: Alisuka! Mimi ndiye nilikuwa nasuka, yeye amelala anaagiza supu. Wahenga walisema mficha uchi hazai.

MJUKUU: Si ndicho ninachotaka, Bibi? Kutozaa!

BIBI: (anacheka) Umenishika. Haya, umenishika. Lakini mkono—

MJUKUU: Ngoja. Mkasi huyu, yuko nje ya pazia. Anauliza tuanze? Ameleta na kijiko cha kung'ata.

BIBI: Kijiko! Niweke sauti kubwa.

MJUKUU: Bibi, usimtukane.

BIBI: Mimi? Niweke. Mkasi, hujambo mwanangu?

MJUKUU: Anasema shikamoo, Bibi, anasikia sauti yako tu anaogopa.

BIBI: Marahaba. Nasikia unafumua suti bila kugusa kitambaa. Hongera. Sasa nikuulize, ukikata kitambaa cha mteja kwa bahati mbaya, hufanyaje?

MJUKUU: Anasema anatia kiraka kwa ndani, hakionekani.

BIBI: Vizuri sana. Na nyama umeshainunua ya kiraka? Kasemaje?

MJUKUU: Anacheka, lakini midomo imekauka. Anasema... amekumbuka ana zipu ya kubadilisha. Ameondoka. Bibi, kijiko kakiacha.

BIBI: Koroga chai. Saa ngapi?

MJUKUU: Saa saba na... saa saba na dakika ishirini na tano! Bibi! Mama anakaribia! Umenichelewesha makusudi! Viatu vya njano, uzi wa samaki!

BIBI: Mimi mzee tu, napenda kusimulia.

MJUKUU: Hata huyo mwanamke sijui kama alikuwepo!

BIBI: Alikuwepo. Shanga za jirani ndizo nilizoongeza.

MJUKUU: Bibi, nyamaza, mlango... amefika. Ni yeye. Nasikia anaweka kapu. Anamuuliza Mkasi mimi niko wapi. Mkasi anasema "sijui"! Pazia hili hapa, miguu yangu inaonekana chini!

BIBI: Toka.

MJUKUU: Nimwambie nimegonga mlango?

BIBI: Mwambie utakalo. Lakini kesho pini ya tatu ikidondoka utasema umegonga nini? Mimi siwezi kukusemea, mdomo ni wako na vidole ni vyako. Simu usikate.

(viatu sakafuni, pazia linavutwa)

MJUKUU: Mama. Naongea na Bibi. Hapana, hajambo, hajafa. Mama, ngoja. Usiseme kwanza. Nimewekewa kijiti. Ijumaa. Cha kupanga uzazi, ndiyo. Siku ya vifungo, ndiyo. Daktari alisema mshono wa tumbo upumzike miaka miwili, nikaona haya kukwambia. Sasa kijiti sikisikii kilipo, na vidole hivi viwili vimekufa ganzi.

BIBI: (kwa sauti ya chini) Anafanya nini?

MJUKUU: Ananitazama. Mkono ameushika. Anaugeuza kama anakagua kitambaa cha dukani. Bibi... anachukua sindano.

BIBI: Sindano ya nini?

MJUKUU: Amenigusa nayo kidole kidogo, taratibu tu. Ameuliza nasikia? Nimesema kidogo. Amegusa kingine. Ameuliza tena.

BIBI: Uso wake?

MJUKUU: Umekuwa mdogo. Sasa... sasa ameweka sikio kifuani kwangu.

BIBI: Kutafuta nini?

MJUKUU: Kijiti! Mkasi amemwambia kinaenda moyoni!

BIBI: Mwambie ni plastiki, hakigongi hodi!

MJUKUU: Anasema tunyamaze, anasikiliza. Anasema moyo unakwenda kama cherehani isiyo na mafuta. Mama, ni woga tu huo, nakuogopa wewe. Bibi, amenifinya shavu. Kwa nguvu. Inauma. Anafoka sasa: vifungo, anasema, nilimletea hata vifungo vyenyewe? Sikuleta. Anasema mshono haufichwi fundi mwenzio. Anasema—Mama, unakwenda wapi? Bibi, anawatoa wateja.

BIBI: Wote?

MJUKUU: Wote! Kuna mmoja ana gauni la pini tupu upande mmoja, anamwambia arudi nalo hivyo hivyo nyumbani, atembee taratibu. Anashusha mlango wa duka. Duka halijawahi kufungwa mchana hata siku ya msiba! Anasema tunaenda zahanati sasa hivi, na tukielekezwa mjini kwenye mashine tunaunganisha. Amenifunga mkono kwa kitambaa cha sare. Kapu lote kanibebea, kanikataza kubeba hata mfuko wa simu.

BIBI: Nenda mwanangu. Nenda. Ukifika, uingie mlango wa mbele.

MJUKUU: Naenda. Bibi, ngoja, usikate. Mama amesimama na kufuli mkononi. Anauliza... anauliza ni nani aliyenielekeza zahanati. Anasema haya mambo sikuyaota. Anataka kujua wewe ulijua tangu lini.

BIBI: Haloo?

MJUKUU: Anasema nimpe simu.

BIBI: Haloo? Haloo, sauti inakatika. Mjukuu wangu, salio langu linakwisha—

MJUKUU: Bibi, mimi ndiye niliyepiga!

BIBI: Basi lako ndilo linakwisha! Mwambie nampenda, mwambie nimelala, haya kwaher—